Mwari Mwenye Magamba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Mbinga imeanza ukorofi. Kisigino kimepasuka, viwiko vimepasuka. Nimejipaka mafuta asubuhi, mchana na sasa hivi, na bado nikikunja mkono ngozi inavuta. Mwezi wa sita mimi na mji huu hatuelewani kabisa.

Lakini leo sinuni. Siku imepangwa! Wazee wa Ilyasi walipanda jana kutoka Mbamba Bay, wakala pilau, wakakubaliana na Baba. Ijumaa ya tarehe ishirini, baada ya Idi, kabla mwaka wa Kiislamu haujageuka. Mimi Zamda, muuza vitambaa katika duka la baba yangu, miaka ishirini na saba, magamba toka utosini hadi nyayoni — naolewa.

Habari imeshazunguka soko zima. Kila aliyeingia dukani leo alikuwa na lake. Hongera, umepata mtu. Hongera, Mungu amekuona. Kana kwamba Mungu alinisahau stoo! Hakuna hata mmoja aliyesema Ilyasi amepata mtu.

Kunigunda peke yake ndiye aliyeuliza la maana. Yeye ana cherehani yake pale barazani kwetu, tumekua pamoja. Alisimamisha mguu, akaniuliza: wewe mwenyewe unamtaka? Nikamwambia namtaka mpaka usingizi unakatika. Akacheka, akaendelea kushona.

Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka. Namtaka. Siyo nashukuru. Namtaka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kliniki kuulizia uzazi wa mpango. Tunataka kukaa kwanza wawili, watoto baadaye. Nesi akanitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza nimemsindikiza nani. Nikasema nimejisindikiza mwenyewe. Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha.

Akaniuliza kama nina ruhusa ya daktari. Ruhusa ya nini? Daktari wa ngozi aliyenipima Songea alishasema yote: ugonjwa unaitwa iktiosisi, ni wa nadra, nimezaliwa nao. Hauambukizi. Hauponi, unatunzwa. Sitoki jasho kama watu, kwa hiyo joto linaniangusha. Macho hayafumbi sawasawa, ndiyo maana watu hudhani nalia. Kuhusu mapenzi hakusema kitu. Na mimi sikuuliza — Mama alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani.

Ilyasi amepiga simu jioni. Ana injini ya boti ya watu wa Liuli, imemshinda siku nzima. Yeye ni fundi wa injini hizo, mikono yake haitakati hata aoshe na petroli. Nilimpendea swali. Alikuja dukani kumnunulia mama yake kanga, nikampa chenji. Wateja wengine huniambia niweke mezani. Yeye akaipokea mkononi, akautazama mkono, akauliza: "Inauma?" Basi. Siyo umefanyaje, siyo umelogwa na nani. Nikamwambia ikipasuka inauma. Akasema pole. Wiki iliyofuata akarudi kununua kanga nyingine. Mama yake sasa ana kanga za kufungulia duka.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nyumba imejaa. Nimekaa uani na kanga iliyolowa maji kichwani kwa sababu jikoni siwezi, moto wa kuni na mimi ni maadui.

Kutoka jikoni nikamsikia shangazi yangu, dada yake Baba, anamshauri Mama. Eti nimwambie mume wangu mapema aongeze wa pili, mzima, ili mambo yale ya chumbani yawe huko na mimi nipumzike. Kwa sauti ya huruma kabisa. Mama anakoroga.

Nikaingia na kanga yangu inachuruzika. Nikasema: "Shangazi, shikamoo. Mimi sitaki kupumzika."

Mwiko ukamdondoka Mama. Shangazi akasoma dua, sikuelewa ni ya nini. Nikachukua kipande cha nyama nikatoka. Nyama ilikuwa tamu.

Jumanne, 10 Juni

Nimewekwa ndani. Bi Safina amefika kutoka Songea na begi la dawa na harufu, kungwi wa familia yetu tangu enzi za bibi aliyekuja na babu kutoka Kilwa. Atakaa nami mpaka fungate iishe. Mrefu, mcheshi, sauti ya kuamrisha jeshi.

Nilimwambia ana kazi mara mbili. Binamu zangu wote walipovunja ungo waliwekwa ndani na yeye huyu, wakafundwa, wakaimbiwa. Mimi zamu yangu ilipofika nilipewa pedi na Panadol. Nilisubiri. Niliona kila mwaka wanaingia wengine, wadogo kwangu, wanatoka na siri zao wanachekeana. Mwisho nikaelewa. Waliona mafunzo yale yatanipotea bure.

Bi Safina hakukataa. Alisema, "Nilimuuliza mama yako, mwanangu. Akasema usimtamanishe mtoto kitu asichokipata."

Kumbe ni Mama. Nimekaa na neno hilo mpaka sasa. Alinionea huruma, najua. Ila huruma yake ilinifungia mlango miaka kumi na tatu!

Alhamisi, 12 Juni

Mafunzo. Mengine mazuri mno, siyaandiki hata hapa. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Bi Safina anajua mambo na anayaigiza.

Halafu tukafika kwangu. Kwangu somo likageuka. Zima taa kabla hajaingia. Vaa gauni la mikono mirefu, usilivue. Akitaka kukushika mgongo, mshike wewe mkono umpeleke kwingine. Lala upande huu. Asubuhi tangulia kuamka, ujipake mafuta, ujifunike. Nikamuuliza, binamu zangu uliwafundisha hivi? Akasema wao ni wao.

Nikamwambia gizani nimeshakaa.

Nilipokuwa chuo Songea kulikuwa na Meinrad. Mwaka mzima. Alinijia giza likiingia, akaondoka giza likiwepo. Alinigusa juu ya nguo tu, tena haraka haraka, na maneno matamu mengi. Nikasema ndiyo hivyo, mimi fungu langu hili. Siku moja mchana nikamkuta stendi na wenzake, nikamwita kwa jina. Wakamuuliza huyo nani. Akasema sijui, labda amenifananisha.

Sikumlilia Meinrad. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekubali. Ndiyo maana Bi Safina anaposema zima taa mimi nasikia stendi ya Songea.

Nimemwambia hayo yote. Akasema mwanamume mwingine ni mwingine, lakini macho ya wanaume ni yale yale. Ninaogopa kwamba anajua.

Jumapili, 15 Juni

Kesho singo. Bi Safina ametwanga liwa, karafuu, mawaridi makavu, na vingine hataki nivijue. Chumba kinanukia mpaka barabarani. Kila bibi harusi wa kwetu husingwa mwili mzima ili atoke laini, ang'ae, anukie siku saba.

Nilimkumbusha: ngozi yangu haitaki kusuguliwa. Daktari alisema kulowesha na kupaka tu. Akanishika kidevu. "Madaktari wanajua vidonge, mwanangu. Ngozi tunaijua sisi. Mimi nimesinga maharusi tangu mama yako hajaolewa, hakuna ngozi iliyonishinda. Haya magamba ni uchafu uliokomaa, hayajapata mkono. Nipe siku moja."

Nilipaswa kucheka. Sikucheka. Nimeuliza: yatatoka kweli?

Jumanne, 17 Juni

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika polepole, vidole vimevimba.

Alinilowesha kwenye beseni kubwa, maji ya moto. Akapaka singo. Akaanza na dodoki, taratibu, na mimi nikaona magamba yanaachia, yanaelea majini. Mengi! Akapiga kigelegele. Mama akaingia, akaona, akapiga na yeye. Chini yake pakatokea ngozi nyekundu, laini, inang'aa. Sijawahi kuiona. Nikasema, endelea. Mimi ndiye niliyesema endelea, ilianza kuwaka nikauma kanga nikasema endelea, mabega, mgongo, mikono. Akaongeza limau.

Usiku homa. Mgongo umekuwa kidonda. Shuka linaganda, likibanduliwa roho inanitoka. Asubuhi Kunigunda alimleta mganga wa zahanati, akanichoma sindano, akanipa dawa ya kupaka, akasema maneno makali uani. Ile ngozi laini ilikuwa siyo ngozi. Ilikuwa nyama.

Bi Safina amekaa chini karibu na mlango, hajala. Anasema kitu kimoja tu: haijawahi kunishinda. Nilitaka kumchukia. Nimeshindwa. Alitaka kunipa alichowapa wengine. Na mimi nilikitaka! Hilo ndilo linaloniunguza kuliko limau. Miaka yote najigamba mimi na magamba yangu, halafu mtu ananiahidi kuyatoa, namwachia mgongo wote.

Basi. Yameshaanza kuota tena viwikoni. Karibuni.

Jumatano, 18 Juni

Baraza limekaa chumbani kwangu — Mama, shangazi, Bi Safina. Mpango wao: ndoa ifungwe Ijumaa kama kawaida, hakuna atakayejua. Uso ufunikwe. Glovu nyeupe. Halafu nimwambie mume kwamba niko kwenye siku zangu, asinikaribie mpaka nipone. Wiki ikipita, taa izimwe, maisha yaendelee.

Nikasema hapana. Shangazi akauliza hapana ipi. Nikasema zote.

Nikamwita Baba. Akasimama mlangoni, uso ameugeuzia ukutani kwa heshima. Nikamwambia: "Baba, Ilyasi anione kabla ya ndoa. Hivi hivi nilivyo. Akiona akarudi kwao, arudi. Asiponiona, mimi Ijumaa siitikii."

Akasema sheria inamruhusu mchumba kuona uso na viganja tu. Nikamwambia uso ameuona, viganja ameviona, sasa nataka aone nilipo mimi. Nikaongeza — dukani kwako mteja anafunua jora mpaka mwisho kabla hajanunua. Baba akageuka. Akasema taratibu, "Wewe siyo kitambaa, Zamda." Nikaona aibu. Kweli, mimi siyo kitambaa. Lakini nilikuwa nimeishiwa maneno mengine.

Kisha akasema kesho anakwenda kuangalia mzigo wa kanga, atachelewa, na mambo yanayotokea nyumbani mwake asipokuwepo hayajui. Baba yangu! Hajawahi kununua mzigo siku ya Alhamisi.

Nimempigia Ilyasi. Nimemweleza yote, singo, kidonda, mpango wa shangazi. Akasema: nakuja. Sauti ilikuwa ndogo.

Nina hofu. Naiandika ili nisiibebe peke yangu. Ijumaa inaweza isiwepo.

Alhamisi, 19 Juni

Amekuja. Nashindwa nianzie wapi.

Sebuleni. Mama pembeni na tasbihi yake. Kunigunda mlangoni, anajifanya anatafuta uzi. Bi Safina alikataa kutoka chumbani, kungwi hawezi kushuhudia mwari akitoka ndani kabla ya siku yake. Nilivaa gauni lisilo na mikono, Kunigunda aliikata jana. Juu yake mtandio. Ilyasi alipokaa nikautoa.

Mikono yote. Mabega. Nikageuka nikampa mgongo mpaka pale gauni linapoanzia. Kwingine gamba la zamani, kahawia, kingo zimeinuka. Kwingine nyekundu mbichi na dawa. Nikageuka tena nimtazame. Alikuwa anaangalia chini.

Nikamwambia, "Umeangalia chini."

"Ndiyo."

"Basi sema. Gari za kushuka ziwani bado zipo."

Akanyanyua viganja vyake akaviweka juu ya meza kama mtu anayeonyesha bidhaa mbovu. Sugu, mikato, grisi kwenye kila mstari. "Nilikuwa naangalia hii," akasema. "Kama dodoki limekufanya hivyo, mikono hii itakufanyaje?"

Jibu zuri. Zuri mno labda. Mtu akishtuka hutafuta pa kuweka macho, halafu hutafuta sababu. Sijui. Nilimwambia hivyo hivyo: sijui kama nakuamini. Akasema hata yeye hajui vizuri, alishtuka, hawezi kunidanganya kwamba hakushtuka. Akasema jamaa zake kule ufukweni wanamwambia ataambukizwa, na yeye alikwenda kwa siri kumuuliza daktari, na ameona aibu kwa kwenda. Akasema pia — mbele ya Mama! — kwamba hajawahi kulala na mwanamke, hajui lolote, anachojua ni injini.

Kunigunda akakohoa. Tasbihi ya Mama ikasimama.

"Lakini nakutaka," akasema. "Siyo kwa huruma. Nisamehe, Mama. Namtaka."

Mama akainuka ghafla akasema chai inaungua. Hakukuwa na chai jikoni.

Alipotoka nilibaki nimesimama na mabega yangu wazi, baridi inanichoma, na sikutaka kujifunika. Nimemwambia kesho nitaitikia. Nimemwambia pia kwamba yale macho chini sijayasahau. Akasema usiyasahau.

Baadaye Mama akaja kunipaka dawa. Akapaka mpaka mwisho. Kisha akasema alikosea, wakati ule wa ungo. Nikasema ndiyo, Mama, ulikosea. Akalia. Mimi macho yangu yanalia yenyewe siku zote, kwa hiyo hatukujua nani alianza.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeitikia. Bila glovu!

Wageni walitazama. Na wao wana macho, watazame. Shangazi alikuwa na uso wa ndimu. Kunigunda alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Sasa tunateremka Mbamba Bay.

Jumapili, 22 Juni

Huku kuna joto na unyevu, upepo unatoka ziwani. Ngozi yangu imetulia ndani ya siku mbili tu, magamba yamelegea yenyewe bila dodoki la mtu. Mgongo unakauka vizuri. Nilikuwa nalala juu ya kanga mbichi, Ilyasi chini kwenye mkeka. Hatujagusana. Ni mimi niliyesema tusubiri mpaka niwe tayari, siyo siku zangu, siyo uongo wowote. Nilisema tu: bado. Akasema sawa.

Bi Safina yuko chumba cha pili. Asubuhi alikuja kunitazama mgongo, akaupaka mafuta ya nazi kwa ncha za vidole, polepole. Halafu alipofika mlangoni akarudi kuwa yeye: usiku taa, mwanangu, kumbuka taa. Nikamwambia kwa nini nisubiri usiku?

Sasa ni saa tisa alasiri. Nimemwambia Ilyasi niko tayari. Alikwenda kunawa. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, nikasikia maji, nikasikia tena maji. Nikamwita basi, utajichuna na wewe.

Amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama anasubiri kuitwa ofisini. Dirisha liko wazi. Mimi nimekaa huku na daftari kwa sababu moyo unakimbia na nikiandika unapungua. Nimevua gauni. Nimejifunga kanga moja.

Ameniuliza: nianzie wapi?

Hilo halikuwemo kwenye mafunzo. Kila mtu alikuwa anajua mahali asipotakiwa kunigusa. Sasa nafikiri. Nyuma ya sikio hapana gamba hata moja, pale mimi ni kama mtu yeyote. Naweza kumpeleka pale. Atapapenda. Hatashtuka.

Hapana. Pale ni gizani kwingine tu.

Bi Safina amegonga ukuta: fungeni dirisha, watu wanapita! Ilyasi ameinuka. Nimemwambia kaa.

Nimefunua kanga mpaka juu ya goti. Goti ndilo baya kuliko yote, gamba nene, limepasuka katikati, hata Mama hulipaka haraka haraka. Nimelinyoosha mbele yake. Nimemwambia: anzia hapa.

Mkono wake unakuja. Siutazami. Namtazama macho.